Mwili Unapolipa Fidia: Tusidanganywe na Namba Nzuri



Pengine umewahi kumpeleka mgonjwa wako hospitali kubwa, akachomwa sindano penye kifundo cha mkono, pale tunapopima mapigo ya moyo, badala ya kwenye mshipa wa kawaida. Damu ikapelekwa haraka kwenye mashine, na baada ya dakika chache karatasi ikarudi ikiwa na namba. Swali la ndugu huwa moja tu: "Namba ni nzuri au mbaya?"

Mwezi huu tunapenda kusema kwamba swali hilo halitoshi. Kipimo hicho huitwa kipimo cha gesi za damu ya ateri. Wengi hudhani ni jambo la madaktari peke yao. Sisi tunaona linamhusu kila mwenye mgonjwa nyumbani, kila muuguzi wa zahanati, na kila kijana anayebeba mizigo ya wageni kwenda kileleni Meru. Msimamo wetu ni huu: namba iliyo karibu na kawaida si ushahidi kwamba mgonjwa hana hatari. Mara nyingine ni ushahidi kwamba mwili wake unafanya kazi ngumu kuizuia hatari, na kazi hiyo ina mwisho.

Kipimo hiki kinatafuta nini?

Kila siku mwili wetu hutengeneza asidi kutokana na chakula na kazi. Asidi hiyo ikizidi, moyo, ubongo na misuli hushindwa kufanya kazi. Ikipungua kupita kiasi, hatari ipo vilevile. Kwa hiyo damu hulindwa katika nafasi nyembamba sana. Kipimo cha asidi, yaani pH, kwa mtu mwenye afya huwa kati ya 7.35 na 7.45. Namba ikishuka chini ya hapo, asidi imezidi. Ikipanda juu ya hapo, asidi imepungua mno. Ikishuka chini ya 7.0, maisha yako katika hatari kubwa.

Walinzi wa nafasi hiyo ni wawili. Wa kwanza ni mapafu, ambayo hutoa nje hewa ya ukaa. Hewa hii ikibaki katika damu hugeuka kuwa asidi. Kiwango chake cha kawaida ni milimita 35 hadi 45 za zebaki. Mlinzi wa pili ni figo, ambazo hutoa asidi katika mkojo na kutunza bikaboneti, yaani akiba inayoituliza asidi. Kiwango cha kawaida cha bikaboneti ni milimoli 22 hadi 26 kwa lita.

Walinzi hawa hawaendi kwa mwendo mmoja. Mapafu hubadilika kwa dakika chache: mtu huanza kupumua kwa kasi au kwa kina. Figo huenda polepole, na kazi yao huhitaji siku mbili, tatu, hata tano ili ikamilike. Tofauti hii ya mwendo ndiyo ufunguo wa yote tutakayosema.

Fidia ni nini?

Mlinzi mmoja akizidiwa, mwingine hujaribu kuziba pengo. Asidi ikiongezeka kwa sababu ya kisukari au figo kufa, mapafu hutoa hewa ya ukaa kwa wingi. Mapafu yakishindwa kutoa hewa ya ukaa, figo huongeza akiba ya bikaboneti. Hiyo ndiyo fidia.

Neno hili tunalifahamu. Shamba likipitiwa na barabara, mwenye shamba hulipwa fidia. Lakini fidia hairudishi shamba lenyewe. Hali kadhalika katika mwili: fidia hupunguza madhara, ila haiponyi ugonjwa. Na kuna anayeilipa. Mtoto akirudishwa shule kwa ada, baba huuza mbuzi. Muhula wa pili huuza ng'ombe. Mgeni akipita atamwona mtoto amevaa sare na kusema nyumba hii ina uwezo. Hajatazama zizi.

Anayesoma karatasi ya gesi za damu atazame zizi pia. Yaani asiishie kwenye pH. Aulize: hewa ya ukaa iko wapi? Bikaboneti iko wapi? Nani ameugua, na nani analipa?

Kuna kanuni mbili ambazo hata msomaji asiye mganga anaweza kuzishika. Ya kwanza: fidia haizidi deni. Mapafu yakilipia asidi, hayawezi kuivusha damu hadi upande wa pili. Ukiona imevuka, ujue kuna ugonjwa mwingine uliojificha. Ya pili: fidia ina kiasi kinachotarajiwa. Kwa mgonjwa ambaye asidi imezidi kutokana na ugonjwa usio wa mapafu, chukua bikaboneti yake, zidisha kwa 1.5, kisha ongeza 8. Jibu, pengine likizidi au kupungua kwa 2, ndiyo hewa ya ukaa tunayotegemea kuiona ikiwa mapafu yanalipa sawasawa. Hesabu hii ni ya kalamu na karatasi.

Mlima Meru ni darasa letu

Sisi wa Arusha hatuna haja ya kwenda mbali kuiona fidia. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa tunayovuta ina mgandamizo mdogo kwa takriban asilimia 15 kuliko ile ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu mzima wa Sakina au Ilboru asiye na ugonjwa wowote huwa na oksijeni pungufu kidogo kuliko mwenzake wa pwani, na hewa ya ukaa pia hushuka kidogo. Viwango vilivyochapwa vitabuni ni vya watu wa usawa wa bahari. Mtumishi anayevisoma bila kukumbuka mahali alipo anaweza kukosea.

Sasa tupande. Mgeni huanza getini Momella, karibu mita 1,500. Siku ya kwanza hulala Miriakamba, karibu mita 2,500. Ya pili hulala chini ya Meru Ndogo, karibu mita 3,500. Usiku wa manane huanza safari ya kileleni, mita zipatazo 4,566, ambako mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ule wa pwani.

Mwili hufanya nini? Mapafu hupumua kwa kasi ili kuitafuta oksijeni. Lakini kwa kupumua hivyo hewa ya ukaa hutoka kupita kiasi, asidi hupungua, na ubongo huanza kuyazuia mapafu yasiendelee. Ndipo figo huitwa kusaidia: huimwaga bikaboneti katika mkojo, damu hukaribia nafasi yake, na mapafu hupata ruhusa ya kupumua zaidi. Kazi hiyo ya figo ni ya siku kadhaa. Mtu aliyepanda upesi hajawapa wafanyakazi hao wa polepole nafasi. Kichwa humuuma, hutapika, hakosi kuamka usiku akihema.

Dawa ya asetazolamidi ambayo wapandaji wengi huitumia hufanya jambo hilohilo: huzisukuma figo kuimwaga bikaboneti mapema. Inasaidia, lakini si kibali cha kukimbilia kileleni, na itolewe kwa ushauri wa daktari. Anayehema hata akiwa amekaa, anayekohoa povu, anayeyumba kama mlevi au kuchanganyikiwa, huyo fidia imemshinda. Ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku na hata kama amelipa fedha nyingi. Hali hiyohiyo ni kwa mpagazi. Yeye naye ana figo za binadamu, na kuzaliwa Nkoaranga hakumpi mapafu ya chuma.

Namba nzuri inapokuwa habari mbaya

Tuchukue mfano wa kijana mwenye kisukari ambaye hajajulikana. Kwa wiki tatu amekuwa akinywa maji mengi, anakojoa mara kwa mara, na anakonda. Sasa anapumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yake ina harufu kama ya matunda yaliyochacha. Kupumua huku kulielezwa na daktari Mjerumani Adolf Kussmaul mwaka 1874, na hadi leo hubeba jina lake. Nyumbani watu husema ana kichomi, au ana pumu, au amepandwa na hofu. Kumbe mapafu yake ni mazima kabisa. Yanalipa deni la kisukari.

Tuseme bikaboneti yake imeshuka hadi 10. Kwa hesabu yetu, hewa ya ukaa inapaswa kuwa karibu 23, na pH itakuwa karibu 7.25. Ni mgonjwa mahututi, lakini bado analipa. Saa chache baadaye kipimo kinarudiwa, na hewa ya ukaa imekuwa 38. Asiyefahamu atafurahi: 38 ni namba ya kawaida! La hasha. Kwa bikaboneti ileile ya 10, pH sasa imeanguka hadi karibu 7.04. Namba imekuwa "nzuri" kwa sababu misuli ya kupumua imechoka. Zizi limekwisha.

Hali ni hiyo pia kwa mgonjwa wa pumu. Mwanzoni mwa shambulio hupumua kwa kasi na hewa ya ukaa hushuka. Shambulio likiendelea, na hewa ya ukaa ikarudi kwenye kiwango cha kawaida huku bado anahangaika, hiyo si dalili ya kupona. Ni onyo kwamba anaanza kuzidiwa. Na akinyamaza ghafla, asihesabiwe kuwa ametulia mpaka aangaliwe.

Kwa sababu hiyo tunaonya juu ya mambo matatu. La kwanza, mgonjwa anayehema kwa kina asipewe dawa za usingizi ili "apumzike", maana huko ni kumnyang'anya ulinzi alio nao. La pili, akiwekwa kwenye mashine ya kupumulia, mashine isipangwe kwa kasi ya mtu mwenye afya, bali ifuate kazi ambayo mapafu yake yalikuwa yakifanya. La tatu, tusitegemee mno kile kifaa kidogo kinachobana kidole. Kinaonyesha oksijeni tu. Kijana wetu wa kisukari anaweza kuonyesha asilimia 97 huku damu yake imejaa asidi.

Mama wa jikoni

Upo upande mwingine wa fidia, ule wa polepole. Mama aliyepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka 40 anaweza kuwa na mapafu yaliyochakaa. Hewa ya ukaa haitoki vizuri. Figo zake zimelipa kidogo kidogo kwa miezi na miaka. Akipimwa, hewa ya ukaa ni 60, bikaboneti ni 33, na pH ni 7.36. Anayetazama pH peke yake atamrudisha nyumbani. Anayetazama hewa ya ukaa peke yake atashtuka na kudhani anakufa leo. Aliyejifunza fidia ataona kwamba huu ni ugonjwa wa siku nyingi ambao figo zimeuzoea.

Mama huyu akipewa oksijeni nyingi kupita kiasi anaweza kuzidi kurundika hewa ya ukaa, kisha akasinzia na asiamke. Kwa wagonjwa wa namna hii oksijeni hutolewa kwa kipimo, ili kifaa cha kidoleni kisome kati ya asilimia 88 na 92. Asinyimwe oksijeni kwa woga. Apewe kwa kiasi.

Kosa la kusoma fidia liliwahi kugharimu maisha ya wengi. Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliingia Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Misuli ya kupumua ya wagonjwa ilipooza. Maabara ilionyesha bikaboneti nyingi, na madaktari wakadhani wagonjwa wamezidiwa na alkali ambayo chanzo chake hakijulikani. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliosaidiwa kupumua, 27 walikufa. Ndipo daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, alipopinga. Alisema bikaboneti ile haikuwa ugonjwa bali jibu la mwili, kwa kuwa hewa ya ukaa ilikuwa haitoki. Mwezi Agosti mwaka huo aliagiza binti wa miaka 12 atobolewe koo, kisha akampulizia hewa kwa mfuko wa mkono, naye akapona hatari. Baadaye wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kuwapulizia wagonjwa kwa mikono, mchana na usiku, na vifo vikapungua sana. Mfuko ule haukuwa kifaa kigeni. Kilichobadilika ni namna ya kuisoma namba.

Na pale mashine isipokuwepo?

Tunajua wako watakaosema: "Mnatueleza habari za mashine ambayo zahanati yetu haina." Ni kweli. Vituo vingi vya afya havina mashine ya gesi za damu, na hata palipo na mashine, kemikali zake ni ghali. Tunaunga mkono wanaodai hospitali zetu zipatiwe vifaa hivi pamoja na watu waliofundishwa kuvitumia. Lakini hatukubali kwamba pasipo mashine hakuna la kufanya.

Jirani zetu wa Kilifi, Kenya, walitoa ushahidi. Mwaka 1995 watafiti wakiongozwa na Kevin Marsh walichapa taarifa ya watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Zaidi ya wanane katika kila kumi waliokufa walikuwa na moja kati ya dalili mbili, au zote: fahamu kupungua, au kupumua kwa shida. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa watoto hao kupumua kwa kina mara nyingi ni alama ya asidi kuzidi katika damu. Dalili hiyo huonekana kwa macho, kando ya kitanda, bila mashine.

Sisi wa miteremko ya Meru tusijidanganye kwamba baridi yetu inatulinda. Watoto wetu huteremka Mto wa Mbu na Magugu kusalimia bibi, na wengine hurudi na malaria.

Tunaomba nini?

Kwa wazazi na ndugu: mtu akipumua haraka au kwa kina bila kuwa amefanya kazi, msingoje kesho, na msiridhike kwamba hana homa. Kwa mtoto, hesabuni pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na pumzi 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hizo ni za hatari. Mtoto ambaye kifua kinabonyea, au anayepumua kwa kina kama anayelia pasipo sauti, apelekwe hospitali hata kama hesabu haijafika hapo.

Kwa wauguzi na matabibu: andikeni idadi ya pumzi iliyohesabiwa kwa saa. Tumeona kadi nyingi ambazo kila mgonjwa, mzima na mahututi, anapumua mara 20 kwa dakika. Namba hiyo imeandikwa kwa mazoea. Anayehema pasipo sababu apimwe sukari kabla ya kuandikiwa dawa ya kichomi. Tone moja la damu latosha. Na karatasi ya gesi za damu ikija, soma namba zote tatu, mtazame mgonjwa, kisha rudia kipimo. Karatasi moja ni kama picha moja ya safari ndefu.

Kwa wenye kampuni za kupandisha wageni: ongezeni siku moja ya kukaa mlimani pale inapowezekana, na msimwadhibu kiongozi aliyemteremsha mgonjwa kabla ya kilele.

Fidia ni uwezo mkubwa tuliozaliwa nao, nao hutupatia muda. Muda huo ni wa kutafuta ugonjwa wenyewe na kuutibu: insulini kwa mwenye kisukari, dawa ya malaria kwa mtoto, kuteremka kwa aliye mlimani. Tukiutumia kusifu namba, utakwisha mikononi mwetu. Basi leo jioni, chukueni saa yenye mshale wa sekunde, mketi na mtoto aliyelala, na mjifunze kuhesabu pumzi zake angali mzima. Siku akiugua mtajua tofauti.

Tuonane mwezi ujao.